Kuishi na Kukua Ukiwa Mtenda Kazi wa Huduma ya Vyuoni Bagamoyo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyaokota mwaka hadi mwaka kwa vijana wanaomaliza chuo wakitaka kujitolea, kwa wazazi wao, kwa wachungaji wanaotutuma, na kwa watenda kazi wenzangu wanaopiga simu saa tano usiku wakiwa wamechoka. Nina miaka kumi na mmoja katika kazi hii hapa Bagamoyo. Majibu ni ya hapa. Aliyeko Mbeya au Mwanza atayapima kwa mazingira yake.

## Mambo ya mwanzo

Mtenda kazi wa vyuoni anafanya nini hasa?

Anawasaidia wanafunzi Wakristo wahudumiane wenyewe. Ushirika wa Jumapili, vikundi vya kujifunza Biblia, mkesha, kumtembelea mgonjwa bwenini: hayo yanaongozwa na wanafunzi. Wewe unakaa nyuma yao. Unamfundisha kiongozi namna ya kuandaa somo, unasikiliza, unaomba, unakaa na mmoja mmoja. Mgeni akifika chuoni akauliza mchungaji wa pale ni nani, na wote wakakuonyesha wewe, ujue umechukua nafasi isiyo yako.

Kwa siku ya kawaida, asubuhi ni yangu na Mungu, kisha usafi, soko na maandalizi, maana wanafunzi wako darasani. Kazi yenyewe huanza saa kumi jioni na kuisha saa tatu usiku. Sehemu kubwa ya huduma hii inafanyika kwenye benchi la mama ntilie, chai na chapati mbele yenu, mtu akikueleza jambo ambalo hajamwambia yeyote.

Bagamoyo ina vyuo gani, na vinatofautianaje?

Watu hudhani mji mdogo una kazi ya aina moja. Sivyo. TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, ina wanamuziki, wachezaji ngoma, waigizaji na wachoraji. Hao hulala alfajiri, kwa hiyo usiwaite kwenye maombi ya saa kumi na moja ukategemea kuona mtu. ADEM, wakala wa mafunzo ya uongozi wa elimu, inapokea walimu, wengi wao watu wazima wenye familia, na wengine wana umri wa mama yako. Pale hufundishi kijana asiyejua maisha. Unamwamkia shikamoo, unakaa, unajifunza. Mbegani, ukishapita Kaole, ni chuo cha uvuvi, na ratiba yao inafuata maji kupwa na kujaa. Marian ni chuo kikuu kishiriki cha Kanisa Katoliki, na wengi wanaosoma pale wanaandaliwa kuwa walimu.

Somo lilelile ukilipeleka kwenye vyuo vyote vinne bila kulibadilisha, vitatu vitalala usingizi.

Ninyi ni USCF, TAFES, CASFETA au nani?

Mwanafunzi anayeingia chuo Tanzania hukutana na majina mengi: USCF iliyo chini ya Jumuiya ya Kikristo Tanzania, CASFETA ya ndugu zetu Wapentekoste, TMCS ya Wakatoliki, TUCASA ya Wasabato, na TAFES iliyo mwanachama wa IFES, umoja wa kimataifa wa huduma za wanafunzi ulioanzishwa mwaka 1947. Mimi nahudumu kwenye huduma ndogo isiyo ya dhehebu moja, na kanuni yetu ni kwamba hatumtoi mtu kwenye umoja wake. Mkatoliki akija kwenye kikundi chetu cha Biblia Jumatano, Jumapili aende misa.

Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu ugomvi wa kugombea wanafunzi umeumiza vijana kuliko dhambi nyingi tunazozihubiria. Kijana wa mwaka wa kwanza akivutwa mikono yote miwili na watu wanaodai kumpenda Bwana mmoja, mara nyingi huwaacha wote.

Lazima niwe nimesoma theolojia?

Hapana, lakini lazima uwe tayari kusoma. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu ataleta swali ambalo hukulitegemea, na "tuliombee" si jibu la kila swali. Jipangie vitabu, na umpate mtu mmoja aliyesoma, mchungaji au padre, wa kumpigia simu unapokwama.

Nitajuaje kama nimeitwa, au nimeyapenda tu maisha ya chuo?

Wengi wanaoniuliza hili walikuwa viongozi wa ushirika chuoni. Walikuwa na kipaza sauti, watu walijua majina yao, na sasa wanaiona mahafali inakuja kama giza. Hamu ya kubaki si wito peke yake. Ninawapa jaribio moja: jitolee miezi mitatu kwenye chuo ambacho hakuna anayekujua, bila kuhubiri hata mara moja. Panga viti, tembelea, sikiliza. Ukimaliza ukiwa bado unatamani, njoo tuzungumze. Kanisa lako nalo liulizwe. Mtu anayesema ameitwa ilhali wazee wa kanisa lake hawajui hata anakaa wapi, arudi kwanza kwa wazee hao.

## Fedha na nyumbani

Mshahara unatoka wapi?

Kwa wengi wetu unatoka kwa washirika: wanafunzi tuliowahudumia zamani ambao sasa wana kazi, ndugu, kanisa moja au mawili. Mmoja anatuma elfu kumi kwa mwezi, mwingine elfu hamsini akipata. Inaingia kwa simu, kidogo kidogo, na mwezi wa Januari wenye ada za watoto haiingii kabisa.

Yapo mambo mawili ambayo nilijifunza kwa uchungu. La kwanza: kuomba msaada si kuombaomba, ili mradi unatoa hesabu. Kila miezi mitatu naandika barua: nilichopokea, nilichotumia, majina ya vyuo, mahitaji ya maombi. Naiandika hata kwa yule aliyetuma mara moja tu miaka mitatu iliyopita. La pili: tenganisha namba ya simu ya huduma na yako. Mwaka wangu wa pili fedha za semina ziliingia kwenye namba yangu, mtoto wa dada akaugua, nikazitumia nikijiambia nitarudisha. Nilirudisha baada ya wiki sita, na wiki zile sikuweza kuwatazama viongozi wa wanafunzi usoni. Hakuna aliyejua. Nilijua mimi, na ilinitosha.

Wanaoniuliza kuhusu kufanya biashara pembeni nawaambia fanya, mradi isile saa za jioni. Mtume Paulo alishona mahema Korintho na hakuona haya.

Wazazi wanasema nimeitupa elimu yao. Niwajibu nini?

Usiwajibu kwa mstari wa Biblia. Baba aliyeuza ng'ombe ili usome ana haki ya kuuliza. Nenda nyumbani, kaa siku tatu, fanya kazi za pale, halafu waeleze kwa hesabu: nitakaa wapi, nitakula nini, nitasaidiaje wadogo zangu, nitafanya kwa miaka mingapi. Mama yangu hakuelewa mpaka alipokuja Bagamoyo, akaona wasichana wanne wamekuja chumbani kwangu jioni kupika na kulia. Aliporudi kijijini alisema, "Mwanangu ni mama wa watu." Tangu siku ile anatuma maharage.

Na ukiahidi kusaidia wadogo zako, saidia, hata kama ni daftari na kalamu. Huduma isiwe kisingizio cha kuwakwepa ndugu.

Mwanafunzi akiniomba hela ya chakula au ada?

Chakula, mlishe. Ada, usiahidi. Bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo wa serikali, likichelewa, wa chuo kikuu hulia. Lakini wengi wa cheti na diploma hawana bumu kabisa, na hao ndio hukaa kimya siku mbili bila kula. Mama ntilie mmoja ninamwachia kiasi kila mwezi. Nikimtuma mwanafunzi anakula bila maswali na bila mimi kuwepo. Staha ya mtu ni kitu cha kulindwa.

Kuhusu ada, niliwahi kumwambia kijana "Mungu atafanya, usijali", naye akanisikia mimi nikisema nitalipa. Siku ya mtihani alizuiwa mlangoni. Tangu hapo nasema wazi: sina, sitaweza, lakini twende pamoja ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, tuzungumze na parokia au usharika wako.

Na uzee je?

Jiandikishe NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Aliyejiajiri anaweza kuchangia kwa hiari, na ukiajiriwa na shirika mchango ni asilimia 20 ya mshahara, ambayo wewe hutakiwi kubeba zaidi ya nusu. Shirika la huduma linalokwambia "Bwana atatunza" likaruka mchango wako, liulize kwa adabu, na uulize tena.

## Moyo wa mtenda kazi

Nafundisha Biblia kila wiki lakini ndani nimekauka. Nina kasoro gani?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi linaulizwa kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri wizi. Nitalijibu kwa kirefu.

Mwaka wangu wa nne nilikuwa na vikundi saba kwa wiki. Jioni moja msichana wa TaSUBa aliniuliza tukitembea kurudi mjini: "Dada, wewe wiki hii umesoma nini, si cha kutufundisha, cha kwako?" Nikamwambia jambo kutoka Injili ya Luka. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hilo ulitufundisha muhula uliopita." Hakuwa na ubaya. Nilifika chumbani, nikakaa kitandani na viatu vyangu, nikajaribu kukumbuka lini mara ya mwisho nilifungua Biblia bila kutafuta la kuwaambia watu. Sikukumbuka.

Kasoro yako huenda ni hiyo tu. Kila ulichokisoma umekigeuza bidhaa kabla hakijakaa tumboni. Dawa niliyoipata haikuwa mfungo wala semina. Nilinunua daftari la kurasa mia, nikaamua kwamba linaloandikwa humo halifundishwi mahali popote kwa miezi sita. Kitabu cha Biblia ninachosoma asubuhi hakiwi kile ninachofundisha. Na nikapunguza vikundi vikawa vitatu, jambo lililoniuma kuliko mengine yote, kwa sababu vile vinne vingine havikufa. Wanafunzi waliviongoza wenyewe, na vizuri.

Kisha kuna mwili. Eliya alipolala chini ya mretemu akiomba afe, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Watenda kazi wengi wanaonipigia simu usiku wakisema Mungu amewaacha, nikiwauliza wamekula nini leo, wanasema soda na andazi. Kula. Lala. Kisha tuzungumze habari za Mungu kukuacha.

Lakini nikipumzika siku nzima, si ninaiba muda wa Bwana?

Kijana mmoja wa Mbegani alinijibia hili bila kuulizwa. Nilimkuta amekaa kivulini, wavu umetandazwa magotini, ile sindano ya mti yenye uzi mkononi. Alikuwa anapitia wavu jicho kwa jicho, kwa vidole, si kwa macho; akifika palipokatika anasimama, anapitisha uzi, anakaza fundo kwa jino. Nikamuuliza kwa nini wenzake wako baharini na yeye yuko pale. Akasema, "Dada, wavu ukiwa majini huoni ulipotoboka. Unajua tu samaki hawapo."

Jumatatu ni siku yangu. Simu ya huduma inazimwa, na viongozi wa wanafunzi wanajua nani wa kumpigia pakiwa na dharura. Mwaka wa kwanza walilalamika, ila sasa na wao wana siku zao.

Nitajuaje kwamba ninakua?

Usiangalie idadi ya waliookoka wala picha za kongamano. Mimi naangalia mambo madogo. Nikirekebishwa na mwanafunzi mbele ya watu, inachukua muda gani kabla sijaanza kujitetea? Mtenda kazi mwenzangu akisifiwa, nafurahi au nameza mate? Mwenye nyumba wangu, ambaye hajawahi kunisikia nikihubiri, anaweza kusema mimi ni mtu wa namna gani? Na nikiwa peke yangu na simu usiku, naangalia nini? Maswali haya naulizwa na mtu mwingine mara moja kwa mwezi (tazama swali linalofuata), kwa maana nikijiuliza mwenyewe huwa napata alama za juu.

Nani anamlea mlezi?

Tafuta mtu aliyekuzidi umri, asiye bosi wako, asiyevutiwa na huduma yako. Mimi ninaye mama wa kanisa mwenye duka la kanga. Hana digrii. Ananiuliza, "Umemsamehe yule?" na yule anamjua kwa jina. Ukikosa mtu wa namna hiyo Bagamoyo, Dar es Salaam ni kama kilomita 70. Panda basi mara moja kwa mwezi. Nauli hiyo ihesabu kama matibabu.

Mtenda kazi asiye na mtu wa kumwambia "hapana" ni hatari kwa wanafunzi, hata akiwa na moyo mwema. Hilo nalisema bila kupunguza neno.

Wanafunzi ninaowapenda wanaondoka kila mwaka. Nafanyaje na huzuni hii?

Unahuzunika. Wenye diploma wanakaa miaka miwili au mitatu. Ndiyo kwanza mmeanza kuelewana, mahafali imefika, picha zimepigwa na joho, na wiki ya pili namba yake haipatikani. Mwaka wa tano nilianza kujizuia nisiwapende wale wapya. Nilidhani ni ukomavu. Mama wa duka la kanga aliuona kabla yangu, akasema nimekuwa kama mtu anayepokea wageni akiwa amesimama mlangoni.

Sasa nina desturi. Wiki ya mwisho ya kila mmoja tunakula samaki sokoni kule ufukweni, samaki wa kukaangwa palepale kwenye karai, namwambia kwa jina mambo mawili niliyoyaona yakikua ndani yake, na yeye ananiambia jambo moja nililomkosea. Tunaombeana. Halafu namkabidhi kwa barua kwa kanisa la mahali anakokwenda. Machozi yapo, na nimeacha kuyafuta haraka.

Vyuo vikifungwa nifanye nini?

Jiandae kwa upweke; mji unakuwa kama umefagiliwa. Tembelea walio kwenye mafunzo kwa vitendo au mazoezi ya kufundisha, maana huko hawana ushirika. Nenda kwenu. Soma.

## Kuishi na watu wa mji

Bagamoyo ni mji wenye Waislamu wengi. Nihudumuje?

Kwanza kama jirani. Katiba yetu, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani na wa kuitangaza dini yake, lakini haki hiyo haikufundishi adabu. Adabu ya pwani unaipata kwa kuishi nayo. Piga hodi mara tatu ukiwa umesimama pembeni ya mlango. Amkia kabla ya kuuliza chochote. Mwezi wa Ramadhani usitembee unakula barabarani, na mkesha wenu wenye spika upangeni mwezi mwingine.

Mama mwenye nyumba wangu ni hajati, amekwenda kuhiji Makka. Ramadhani ya kwanza alimtuma mjukuu na sinia: tambi, mihogo ya nazi, uji wenye pilipili manga. Krismasi nami nikataka kumpelekea pilau ya kuku, jirani akaninong'oneza: kuku amechinjwa na nani? Nilikuwa nimechinja mwenyewe. Siku hiyo nilikula pilau peke yangu, na tangu hapo kuku wangu wa sikukuu anachinjwa na mjukuu wake, naye hajati anakula na kuomba mapishi.

Kuhusu kuhubiri: anayeuliza anajibiwa, kwa upole na kwa ukweli wote. Siufichi msalaba. Lakini hatumnunui mtu kwa chakula wala ada, na hatudharau kitabu wala mtume wa mwenzetu ili kujipigia makofi. Chuoni, kila mkutano unapitia ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, kwa maandishi.

Wanafunzi wanasema Ukristo ni dini ya wazungu. Nijibuje?

Usikimbilie kukanusha. Hapa pwani Wajerumani walimnyonga Abushiri, aliyeongoza upinzani dhidi yao, kule Pangani, mwaka 1889, na walikuja na misalaba yao vilevile. Kijana anayeuliza hajatukana.

Kisha mpeleke misheni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika 1868, wakakomboa watumwa na kuwajengea kijiji. Tembeeni makaburini pamoja, asome mwenyewe umri wa wale waliolala pale. Wengi walikuwa vijana kama yeye. Muonyeshe mnara ambako mwili wa Livingstone, yule mmisionari Mskoti, ulilazwa Februari 1874, halafu muulize ni nani walioubeba. Chuma na Susi na wenzao, Waafrika, walitembea miezi mingi kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, na wangeweza kumzika palepale alipofia. Ukipenda kwenda nyuma zaidi, Agostino, mwalimu mkuu wa kanisa la kale, alizaliwa mwaka 354 katika Algeria ya leo, na kanisa la Ethiopia lilikuwepo karne nyingi kabla ya meli yoyote ya Wajerumani.

Mwanafunzi wa sanaa aliyeokoka aache kucheza ngoma?

Nilikuja Bagamoyo nikiwa na jibu la "ndiyo" mfukoni. Mhubiri mmoja mgeni aliwahi kuwaambia wanafunzi wavunje ngoma zao; wawili waliacha chuo, mmoja wao hakurudi tena kanisani wala chuoni. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele nikisema amina. Ninaomba radhi kwa hilo hata leo.

Sasa nawauliza wanafunzi wenyewe: ngoma hii inaitwa nini, inachezwa lini, maneno yake yanasema nini, inamwita nani? Zipo za mavuno, za harusi, za kubembeleza mtoto. Ipo inayoita pepo, na anayejua hivyo ana haki ya kumwambia mwalimu wake kwa heshima kwamba atajifunza mapigo yake lakini hatashiriki tambiko. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki aliyefundisha hapa, alitoka Ugogo, na huko Ugogo kwaya za makanisa zinamwimbia Mungu kwa midundo ya Kigogo siku zote. Kijana mmoja wetu alipiga zeze kwenye ibada ya Ijumaa Kuu. Hakuna aliyeimba. Tulisikiliza tu mpaka uzi ulipoacha kutetemeka.

## Mambo magumu

Nimempenda mwanafunzi ninayemhudumia.

Mwambie msimamizi wako wiki hiihii, kabla hujamwambia mwanafunzi. Acha mara moja kukutana naye peke yake. Mwenzako wa jinsia yake amchukue. Subiri amalize chuo, ndipo useme kwa wazazi na kanisa. Unapomfundisha mtu Biblia una nguvu juu yake hata kama mmezidiana miaka miwili tu, na "ndiyo" yake haiko huru. Wapo waliosubiri wakaoana, na nimecheza harusini kwao.

Mwanafunzi ananiambia mwalimu anamtaka ili amfaulishe.

Mwamini. Usimuulize alivaa nini. Hiyo ni rushwa ya ngono, kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU wanapigiwa 113 bila malipo. Akiwa ameshambuliwa, nendeni dawati la jinsia polisi na hospitali, kabla hajaoga wala kufua. Ahifadhi jumbe zote. Uamuzi wa kushtaki ni wake; wako ni kutembea naye. Na kama anayetajwa ni mtumishi wa Mungu, hata wa huduma yetu, njia ni ileile. Hatuyamalizi kwa maombi ya faragha.

Mwanafunzi ananiambia hataki kuishi.

Kaa naye, usimwache peke yake usiku huo. Muulize wazi kama amepanga kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Ondoa dawa na sumu chumbani. Asubuhi mpelekeni hospitali ya wilaya, na mwambie ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi kwa ridhaa yake ikiwezekana, bila ridhaa ikibidi. Ombeni, ndiyo, kwa moyo wote, mkiwa njiani kwenda kwa daktari. Baadaye angalia na hali yako mwenyewe (tazama swali la kukauka).

Imani yangu yenyewe imetikisika. Niendelee kufundisha?

Mwambie anayekulea. Pumzika kufundisha kwa muda, lakini usiache kwenda ibada na kukaa na watu. Nilipomzika mdogo wangu nilikaa miezi mitano bila kuweza kuomba kwa sauti. Wanafunzi waliniombea mimi nikiwa nimekaa kimya kwenye mkeka. Hawakudhurika kwa kuniona hivyo. Baadhi yao wanasema ndiyo siku walipojifunza kuomba.

Nitajuaje muda wa kuondoka umefika, na niondokeje?

Ukiona viongozi wa wanafunzi hawawezi kuamua jambo bila kukupigia simu, umekaa sana au umekaa vibaya. Ukiona unabaki kwa kuogopa kwamba nje ya hapa wewe si mtu, zungumza na mlezi wako mapema. Mimi nami nimeshaanza mazungumzo hayo.

Anayekuja baada yako asikabidhiwe funguo na stoo ya viti peke yake. Mpeleke kwa mama ntilie mwenye hesabu ya wanaokula bila kulipa. Mpeleke kwa mlinzi wa geti la kila chuo, umtaje kwa jina. Mpigishe hodi kwa hajati. Mkabidhi namba ya huduma, daftari la mapato na matumizi, na orodha ya wanafunzi wanaopaswa kutembelewa wiki hiyo. Halafu mwache aende Mbegani peke yake.